Kitabu cha Wageni cha Kanyaga Twende

Nilipofika dai la nne niliacha kunywa chai.

Miaka ishirini na sita nimekuwa mkaguzi wa hataza, yaani haki wanazopewa wavumbuzi, katika ofisi yetu hapa Mbeya, na madai ya wavumbuzi nimeyasoma mpaka nayaota. Huyu kavumbua sufuria inayopiga simu. Yule kavumbua kivuli. Kazi yangu ni kuuliza mambo matatu tu: Je, ni kitu kipya? Je, fundi wa kawaida asingekifikiria mwenyewe? Je, kinafanya kazi? Swali la nne, kwamba je, ni haki, sheria haikunipa, na kusema kweli katika miaka yote hiyo sikuwahi kulihitaji.

Jalada lilihusu vifaa vya mazoezi vilivyounganishwa. Mwombaji ni kampuni ya kumbi za mazoezi inayoitwa Nguvumkondo. Dai la kwanza lilikuwa baiskeli ya mazoezi yenye kihisio kwenye pedali, kitu ambacho kipo tele. La pili, baiskeli kadhaa za namna hiyo katika nyumba mbalimbali, zikizungumza kwa mtandao. Nazo zipo. La tatu, kila mkanyagaji ahisi mguuni mwake uzito wa wenzake. Hapo nikakuna kichwa. La nne lilisema hivi: "Mfumo ambamo nguvu ya wakanyagaji wenye uwezo hupelekwa kwa mkanyagaji dhaifu, kwa mwendo wa miguu yao halisi na si wa mota, hadi mguu wa dhaifu unapoanza kufuata."

Kitu hicho kilikuwa sebuleni kwangu, kati ya kochi na kabati la vyombo. Mke wangu alikuwa amekikalia dakika ileile, kwa sababu ilikuwa saa nne asubuhi.

Subilaga alipigwa na kiharusi miaka mitano iliyopita. Hospitali walimpa mashine yenye mota, ikamzungusha miguu mwaka mzima bila mguu kujifunza chochote. Ndipo Fundi Gwakisa, anayetengeneza baiskeli na pampu za maji pale mtaani kwetu, akasema mota haina subira. "Mguu unajua ukishikwa na mtu," alisema, akaenda kukusanya baiskeli kuukuu saba, akazifunga vidhibiti vya dukani, visanduku vya kuziunganisha kwa mtandao, akazigawa nyumba saba za mlimani. Nyumba nne zilikuwa na wagonjwa. Tatu zilikuwa na wazee wenye miguu mizima ambao hawakuwa na la kufanya asubuhi. Saa nne wote wanapanda, wenye nguvu wanakanyaga, na pedali za wagonjwa zinakwenda pamoja nao. Wakajiita Kikundi cha Kanyaga Twende, wakachagua mwenyekiti, katibu na mhazini, wakaandika katiba, kwa kuwa Watanzania watatu hawawezi kukaa pamoja bila katiba.

Mwaka wa kwanza Subilaga alisimama. Wa pili alitembea hatua nne. Sasa alikuwa anatoka kitandani hadi mlango wa jikoni kwa fimbo, hatua kumi na moja. Mwaka jana nguzo ya mtandao ilipoanguka wakakosa kukanyaga siku tisa, na hatua kumi na moja zikarudi kuwa tano. Ilimchukua miezi kuzipata tena. Kwa hiyo nilijua vizuri ninachosoma.

Dai la tisa lilisema mfumo "humtoa mkanyagaji anayepunguza mwendo wa kikundi kwa zaidi ya dakika mbili." Kampuni ilitaka kitu hiki kwa ajili ya wanariadha na vijana wa kumbi, na katika maelezo yake ilieleza wazi kuwa leseni hazitatolewa kwa wagonjwa. Haikutaka lawama za mtu kufia kwenye pedali.

Zamani, wanasema, mwenye hataza alilazimika kumtafuta anayemwiga na kumburuta mahakamani. Siku hizi haendi popote. Tangu ilipopita Sheria ya Utii wa Vifaa, hataza ikishatolewa, Rejesta, mtambo wa makao makuu unaotunza hataza zote, hutuma neno kwa kila kidhibiti nchini, na kidhibiti chochote kinachofanya jambo lililodaiwa bila leseni hulala palepale. Hakuna kidhibiti kinachouzwa ambacho hakimsikilizi Rejesta. Mimi mwenyewe niliisifu sheria hiyo kwenye semina, nikapewa begi.

Nilipaswa kujaza fomu ya maslahi siku ileile na kuandika: mke wangu anatumia kifaa hiki. Sikujaza. Ningeijaza, jalada lingekwenda kwa Msomaji, mashine inayosoma maandishi yote ya dunia kwa dakika sita. Madai yalikuwa yameshapita kwake mara ya kwanza, akaleta nyaraka mia mbili na kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na dai la nne. Gwakisa hajaandika chochote maishani mwake isipokuwa namba za simu ukutani. Ni mkaguzi binadamu pekee anayeruhusiwa kupokea ushahidi wa kitu kilichotumiwa bila kuandikwa kitabuni. Basi nikanyamaza, nikawa mkaguzi mwenye siri.

Sheria inanipa barua tatu za kupinga. Ya kwanza niliandika kwamba dai la nne halieleweki. Wakalirekebisha, likaeleweka zaidi. Ya pili niliandika kwamba fundi yeyote angelifikiria. Wakala wao akajibu, kwa adabu sana, akiniomba nimtaje fundi huyo. Nikabaki na barua moja.

*

Aliyenikumbusha kitabu cha wageni cha kikundi ni mke wangu, nilipomuuliza kama kuna mtu wa nje aliyewahi kuziona baiskeli.

"Si yule injinia alikuja?" alisema, akiwa juu ya baiskeli, jasho limemtoka. "Yule binti Mpare, mrefu. Alikaa siku tatu kwa Mwalimu. Alikuja hata hapa, ukiwa Dodoma. Alipiga magoti akatazama pedali yangu kama mtu anayetazama mtoto mchanga. Nikampa ndizi."

"Jina lake?"

"Mgeni hujamuuliza hata kama ameshiba, utamuuliza jina? Liko kwenye kitabu."

Katibu wa Kanyaga Twende ni Mwalimu Nsajigwa, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na minane na miguu ya mtu wa arobaini. Yeye ndiye mwenye nguvu kuliko wote kikundini. Subilaga alikuwa anasema anaweza kuitambua miguu ya Mwalimu kati ya yote, kwamba inakuja kama mtu anayekushika kiwiko ukivuka barabara. Jumamosi hiyo nilipanda hadi kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba Lusajo. Mama anaendeleaje? Jana nilimsikia mzito kidogo."

"Alilala vibaya tu."

Aliniletea kiti, akaniletea chai, kisha akaniletea kitabu cha wageni kabla sijasema nilichofuata, kwa kuwa aliyeingia kwa Mwalimu lazima atie sahihi, hata kama ni jirani. Lilikuwa daftari kubwa lililovimba kwa chai na unyevu. Mbuzi alikuwa amekula pembe moja. Nikalipekua hadi nikakiona nilichokitafuta. Tarehe, miezi kumi na saba kabla ya ombi la kampuni. Jina: Inj. Aikande Mshana. Atokako: Nguvumkondo. Kusudi la ziara: Kuona baiskeli zinazosaidiana. Maoni, kwa mwandiko wa haraka uliolala upande, mstari ukitoka nje ya kisanduku: "Sijawahi kuona kitu hiki popote. Mguu wa mgonjwa unafuata kabisa! Asanteni kwa chai." Na sahihi yake.

Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wavumbuzi katika jalada langu.

Nilitaka kucheka. Nilitaka kulia. Mtu wa nje, asiye na ahadi yoyote ya siri, amekiona kifaa, amekielewa, na ameandika kwa mkono wake kwamba amekielewa. Hiyo peke yake ingeangusha dai la nne na yote yaliyosimama juu yake.

Sasa nisikilizeni nilivyofanya, maana nimelirudia kichwani mara nyingi. Ningeweza kulikwapua daftari lile pale pale na kuondoka nalo. Lakini utaratibu unasema mkaguzi hachukui ushahidi, ushahidi huletwa na mwenye nao, kwa mkono wake, pamoja na barua. Na mimi, mwenye siri, niliogopa kukosea jambo lolote dogo.

"Mwalimu," nikasema, "naomba uniletee kitabu hiki ofisini Jumatatu. Andika na barua ya kikundi. Kitasomwa na wakubwa."

"Wakubwa?"

"Wakaguzi. Hadi makao makuu."

Mwalimu alilitazama daftari lake, akalipapasa pale mbuzi alipokula. Uso wake ulibadilika nikadhani ni furaha.

*

Jumatatu saa moja na nusu nilimkuta Mwalimu mlangoni pa ofisi kabla ya mlinzi kufungua. Alivaa suti ya kijivu na tai. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa khanga safi.

Akakifungua juu ya meza yangu, pamoja na barua ya kikundi yenye sahihi yake. Kilikuwa kitabu kipya. Kilivalishwa karatasi ya kaki na juu yake nailoni, kama madaftari ya watoto siku ya kufungua shule. Jaladani kwa herufi kubwa: KIKUNDI CHA KANYAGA TWENDE. KITABU CHA WAGENI. Ndani mistari ilichorwa kwa kalamu nyekundu na rula. Wageni mia tatu na kumi na wawili walikuwemo, wote kwa mwandiko mmoja, wa duara, uliosimama wima, mwandiko ambao nusu ya watu wa mlima ule walijifunzia kusoma. Hata sahihi alikuwa amezifuatisha moja moja.

Nikafungua ukurasa wa injinia. Kusudi la ziara: Kujifunza. Maoni: "Mgeni amejifunza mengi na ameridhika."

"Haya maoni, Mwalimu..."

"Ah, yule binti alikuwa ameandika hovyo, ametoka nje ya mstari. Nimeyanyoosha. Na wengine pia, makosa ya tahajia yalikuwa mengi, yangetuaibisha."

"Na kile cha zamani?"

"Nimekitia moto jikoni jana jioni, baada ya kuhakiki ukurasa kwa ukurasa. Vitabu viwili vya jambo moja huleta mzozo." Akaona uso wangu, akanishika mkono kunituliza. "Usiwe na wasiwasi, baba. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini. Kila wakaguzi walipokuja tulinakili rejesta zote upya. Wilaya nzima ilikuwa ikija kwangu kuangalia mfano. Nimeandika tangu Jumamosi ulipoondoka, nimesimama kula tu."

Vidole vyake viwili vilikuwa na wino ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Nilitaka kupiga kelele hadi vioo vipasuke. Nilitaka kumwambia kuwa amemchoma mke wangu miguu. Lakini nani alimwambia wakubwa watakisoma? Nani alilishika daftari mkononi akalirudisha mezani?

"Mwandiko mzuri sana, Mwalimu," nikasema.

"Mkono bado upo," akajibu, na akaona haya kidogo kwa kujisifu.

*

Kikao cha kumsikiliza mwombaji kilikuwa Jumanne. Alikuja wakala wao, Rweyongeza, mwanamume mtaratibu anayekunja koti lake kabla ya kukaa, na pamoja naye Injinia Aikande Mshana. Alikuwa mrefu kama Subilaga alivyosema. Katikati ya meza lilikuwepo sinia.

Sinia ni kioo kipana cha bapa. Karatasi yoyote inayotolewa kuwa ushahidi hulazwa juu yake, nalo husoma umri wa wino, hata siku. Likikuta karatasi inasema ni ya miaka mitatu na wino ni wa jana, halimuulizi mtu. Humpelekea polisi jina la aliyeitia sahihi barua, shtaka la kughushi, na mtuhumiwa hukaa rumande hadi uchunguzi uishe. Hataza nayo husimamishwa muda wote huo. Uchunguzi wa namna hiyo, ukienda haraka, ni miaka miwili.

Nilikuwa nimekiweka kitabu cha kaki magotini, chini ya meza.

"Injinia Mshana," nikaanza, "je, umewahi kufika kwenye kikundi kimoja hapa Mbeya kiitwacho Kanyaga Twende?"

Akafumbua mdomo. Rweyongeza akagusa meza kwa kidole kimoja.

"Mzee Mwakatobe, kwa heshima. Mwombaji ni kampuni, si injinia. Injinia hujibu kuhusu maandishi yaliyo mbele yake. Kuna maandishi?"

Alikuwa sahihi. Maneno matupu hayavunji hataza, hata yatoke vinywa saba. Na mimi niliyekiona kile cha kwanza kwa macho yangu siruhusiwi kuwa shahidi katika jalada langu, achilia mbali siri niliyokalia. Sheria humlinda pia aliyekuwa akitumia kitu kabla ya wengine kukidai, lakini naye sharti alete maandishi. Kila mlango ulikuwa unaelekea kwenye daftari lililoliwa na moto wa jiko.

Nikatoa kitabu, nikakifungua, nikakisogeza mbele yake pembeni ya sinia, bila kuligusa.

Aikande alisoma. Alisoma kwa muda mrefu kwa mistari michache vile. Nikaona akitambua jina lake, kisha akitafuta kitu ambacho hakipo.

"Huu si mwandiko wangu," akasema.

Alisema kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba katika chumba kile aliyesema kweli tupu ni yeye.

"Na sahihi?" nikamuuliza.

"Inafanana. Lakini..." Akanitazama, macho yakawa kama ya mtu anayeomba kitu. "Hayo maoni sikuyaandika hivyo."

"Uliandikaje?"

"Injinia," alisema Rweyongeza kwa upole. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, kama kitabu hiki ni ushahidi wako, kiweke kwenye sinia tumalize. Kama si ushahidi, naomba kiondoke mezani."

Nikalitazama sinia. Sentimita kumi tu kutoka kwenye ukingo wa kaki.

Ningekisukuma, miguu ya Subilaga ingepata miaka miwili. Katika miaka miwili mtu anaweza kufika mbali zaidi ya mlango wa jikoni, na huenda sheria nayo ikabadilika, au kampuni ikafilisika, nani ajuaye. Na Mwalimu Nsajigwa, aliyesimama kula tu, angechukuliwa na suti yake ya kijivu. Ningesema mimi ndiye niliyemwambia, lakini sinia halina masikio.

"Naomba hadi Alhamisi," nikasema.

"Hadi Alhamisi saa kumi jioni," akajibu Rweyongeza, akainuka kuvaa koti.

Aikande alibaki nyuma kidogo. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Yule mwalimu alinipisha kitanda chake. Siku zote tatu alilala kwenye kiti. Nilirudi kazini nikawaeleza wenzangu kwa furaha tu, Mzee. Ndani ya wiki wanasheria walikuwa wameshaanza kuandika." Kisha akaenda.

*

Nilimweleza mke wangu yote, tangu fomu ambayo sikujaza hadi sinia. Alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, fimbo magotini. Hakunikatiza hata mara moja, na hiyo si kawaida yake.

"Kwa hiyo ukikiweka," akasema mwishoni, "mimi nakanyaga miaka miwili."

"Ndiyo."

"Na Mwalimu yuko ndani."

"Ndiyo."

"Sasa nitakanyaga na miguu ya nani, baba Lusajo?"

Nikamwambia wapo wengine wawili wenye nguvu. Nikamwambia mambo mengi ya aibu, siyarudii hapa. Nilisema hata kwamba Mwalimu ameshaishi.

Hapo akaninyooshea fimbo, si kwa utani. "Usirudie neno hilo ndani ya nyumba hii. Yule mzee ananivuta kila siku ya Mungu, hajawahi hata kuniuliza nimefika wapi. Asiguswe."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa," akasema, kisha akaanza kulia, akakasirika kwamba analia, akaniomba nimpishe mlango. Alitembea hatua zake kumi na moja hadi jikoni, akageuka, akarudi nazo zote kumi na moja. Nilikuwa sijawahi kumwona akirudi bila kupumzika.

Alhamisi nilikirudisha kitabu cha kaki ndani ya khanga yake, nikakifungia kwenye mtoto wa meza. Barua yangu ya tatu niliipeleka ikiwa na pingamizi moja dogo kuhusu mpangilio wa michoro. Ijumaa walirekebisha michoro. Kitu kilikuwa kipya, kwa kadiri ya maandishi. Hakuna fundi aliyetajwa ambaye angekifikiria. Na kilikuwa kinafanya kazi, hilo nilikuwa nalijua kuliko mtu yeyote nchini. Nikatia sahihi.

*

Rejesta hutuma neno Jumatatu. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikakaa sebuleni. Saa nne kasoro dakika tano Subilaga alipanda, nikamfunga mikanda ya miguu. Saa nne pedali zikaanza kwenda, taratibu, kisha zikashika mwendo. Akafumba macho.

"Huyo ni Mwalimu," akasema. "Leo amekula vizuri."

Saa nne na dakika tisa taa ndogo ya kidhibiti ikageuka kutoka kijani kuwa nyeupe. Hakukuwa na sauti. Pedali zilizunguka nusu duara zaidi kwa uzito wa miguu yake mwenyewe, zikasimama.

"Ameniachia," akasema Subilaga. Alikuwa bado amefumba macho.

Nikapiga magoti, nikashika pedali kwa mikono miwili, nikaizungusha. Nikazungusha hadi mabega yakawaka moto. Mguu wake ulipelekwa ukarudishwa, kama siku zile za mota. Akaniwekea mkono kichwani ili niache.

Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu.

"Baba Lusajo, huku pedali zimekuwa nyepesi ghafla. Mama simsikii. Ni nguzo tena?"

Nilikuwa nimejiandaa siku tatu kwa swali hilo. Nilikuwa na maneno yote: hataza, Rejesta, dai la nne. Lakini ningemweleza hadi lini kabla hajauliza, na kitabu je? Kilisaidia nini? Ana akili kuliko mimi, angelifikia jambo hilo kwa maswali mawili.

"Nadhani ni mtandao, Mwalimu."

"Basi utarudi. Na kile kitabu, wakubwa walikionaje?"

Subilaga alikuwa ananitazama.

"Walikisifu," nikasema.

"Mwandiko?"

"Hasa mwandiko."

Nikamsikia akipumua kwa kuridhika. "Mwambie mama akae tayari palepale," akasema. "Sisi huku hatushuki."

Wengine watano wameshashuka. Fundi Gwakisa amefungua vidhibiti vyote saba, amevifunga tena, amesema maneno ambayo mtu aliyeokoka hapaswi kuyasema, na ameniambia usoni kuwa anajua ni ofisi yangu. Ila Mwalimu hajaambiwa. Tumekubaliana mtaa mzima, bila kikao na bila muhtasari, jambo ambalo kikundi kile hakijawahi kulifanya. Na yeye kila asubuhi saa nne anapanda baiskeli yake kule juu, anakanyaga saa nzima pedali zisizo na uzito, maana huenda, anasema, sisi huku tunapata kidogo hata kama yeye hasikii.

Subilaga naye hupanda. Nilimwambia haina maana. Akaniambia mzee hawezi kuachwa akanyage peke yake. Ninamfunga mikanda, anakaa na miguu juu ya pedali zilizosimama, simu iko kifuani.

Wiki ya kwanza zilikuwa hatua tisa. Ya pili sita. Leo asubuhi kutoka kitandani alipiga tatu, nikamshika.

Saa nne simu ililia. Mwalimu alikuwa anahema, nyuma yake nikasikia mnyororo ukizunguka bure.

"Mama, leo nimeongeza," akasema. "Unanisikia?"

Mke wangu aliitazama miguu yake, kisha akanitazama mimi niliyekaa chini kando ya pedali.

"Nakusikia, Mwalimu," akajibu. "Endelea."